Safu Inayokua

Mtu anayejenga ghala ya mahindi hana budi kukisia mavuno yake kabla ya kusimamisha nguzo ya kwanza. Akijenga ghala ndogo, mahindi yatabaki nje na kuliwa na panya. Akijenga kubwa mno, atapoteza miti, udongo na nguvu za mikono yake bure. Mwandishi wa programu za kompyuta naye ana shida iyo hiyo. Huiagiza kompyuta itunze majina ya watu, au bei za bidhaa, au vipimo vya mvua, wala mara nyingi hajui vitakuwa vingapi. Leo ni majina 10. Baada ya mwaka huenda yakawa 1,000,000.

Katika somo hili tutajifunza jinsi kompyuta inavyopata nafasi kwa vitu vinavyozidi kuja. Tena tutaona ya kuwa njia moja ya kuongeza nafasi huimaliza kazi kufumba na kufumbua, na njia nyingine huifanya kazi ile ile kwa muda unaozidi saa nzima, ingawa mashine ni moja.

Kumbukumbu ya kompyuta

Kwanza yatupasa kujua mahali kompyuta inapoweka vitu vyake. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama mstari mrefu sana wa visanduku vidogo, vyote vya ukubwa mmoja, navyo vimepewa namba kwa taratibu tangu cha kwanza hata cha mwisho. Kisanduku kimoja huitwa baiti, na namba yake huitwa anwani. Herufi moja ya kawaida, kama a au b, yaweza kukaa katika baiti moja. Hesabu kubwa huhitaji baiti kadha, mara nyingi 4 au 8.

Vitu vya ukubwa mmoja vikiwekwa bega kwa bega katika kumbukumbu, pasipo pengo kati yao, huitwa safu. Tuseme safu imeanza katika anwani 1000, na kila kitu huchukua baiti 8. Basi kitu cha kwanza kiko katika anwani 1000, cha pili 1008, cha tatu 1016, na cha nne 1024. Ukikitaka cha nne, kompyuta haina haja ya kuanza mwanzo na kuvipitia kimoja kimoja. Hujua ya kuwa vitu 3 vimetangulia. Huzidisha 3 kwa 8, hupata 24, hujumlisha na 1000, na mara hiyo hufika 1024.

Hapo mtafahamu kwa nini katika lugha nyingi za kompyuta kitu cha kwanza hupewa namba 0, wala si 1. Namba hiyo haionyeshi kitu ni cha ngapi, bali huonyesha ni vitu vingapi vilivyotangulia. Cha kwanza hakikutanguliwa na kitu, basi namba yake ni 0. Cha elfu kina namba 999, nacho hupatikana upesi sawasawa na cha kwanza. Hiyo ndiyo faida kubwa ya safu.

Safu inapojaa

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Kwa kuwa vitu havina budi kukaa bega kwa bega, safu hukaa kama nyumba iliyojengwa katikati ya nyumba za watu wengine. Mwenye nyumba akipata wageni wengi hawezi kuusogeza ukuta wake, maana upande wa pili ni chumba cha jirani. Ndivyo ilivyo katika kumbukumbu. Safu ya nafasi 4 ikiisha katika anwani 1031, pengine anwani 1032 imekwisha kupewa kazi nyingine.

Katika lugha iitwayo C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, safu ya kawaida hupewa ukubwa wake mara moja, wala haiwezi kunyoshwa baadaye. Mwandishi asiyeangalia akiandika kitu cha tano katika safu ya nafasi 4, lugha hiyo haikuahidi kumzuia. Huenda akaandika juu ya mali ya jirani, na programu ikatoa majibu ya uwongo pasipo mtu kujua sababu. Hilo ni kosa la hatari, kwa maana mashine haikulia wala haikusimama.

Basi safu ikijaa, itafanywaje? Ikiwa ukuta hausogei, hapana budi kuhama. Kazi ya kuhama ina hatua nne, nazo hufuatana hivi. Kwanza, kompyuta hutafuta katika kumbukumbu mahali pengine pakubwa zaidi palipo wazi. Pili, hunakili vitu vyote vya zamani kutoka mahali pa kwanza mpaka mahali papya, kila kimoja kwa zamu yake. Tatu, huweka kitu kipya mwishoni mwao. Nne, mahali pa zamani huachwa wazi, pate kutumiwa kwa kazi nyingine. Mahali pa zamani hapaachwi mpaka kunakili kumekwisha, ili kitu chochote kisipotee njiani. Kwa hiyo kwa kitambo kidogo safu hukalia mahali pawili, na kumbukumbu isipotosha, kazi haitaendelea.

Safu inayoweza kuhama hivyo huitwa safu inayokua. Ili isipotee, hutunza mambo matatu: anwani ya mwanzo wake, idadi ya vitu vilivyomo, na nafasi iliyotengwa. Msichanganye idadi na nafasi. Benchi la watu 8 laweza kukaliwa na watu 5. Nafasi ni 8, idadi ni 5. Maadamu idadi ni ndogo kuliko nafasi, kuongeza kitu mwishoni ni kazi nyepesi: huwekwa katika nafasi iliyo wazi, na idadi huongezwa 1. Kazi nzito huja siku ile idadi inapolingana na nafasi.

Waandishi watatu

Sasa tumefika kwenye swali lenyewe. Safu ikihama, mahali papya pawe pakubwa kiasi gani? Tuseme wako waandishi watatu, na kila mmoja ataka kuongeza majina 1,000, moja moja, katika safu yake.

Mwandishi wa kwanza ni bahili wa nafasi. Safu yake ikijaa, huomba nafasi 1 tu zaidi. Akileta jina la pili, hunakili jina 1. Akileta la tatu, hunakili 2. Akileta la nne, hunakili 3. Na hivyo mpaka jina la elfu, ambalo humlazimu kunakili majina 999. Tukijumlisha 1 na 2 na 3 na kuendelea hata 999, jumla ni 499,500. Ndiyo kusema, ili kuweka majina 1,000, amenakili karibu mara nusu milioni.

Mwandishi wa pili huanza na nafasi 10, na kila safu ikijaa huongeza nafasi 10. Huyu amepata nafuu. Hunakili majina 10, kisha 20, kisha 30, mpaka 990. Jumla yake ni 49,500.

Mwandishi wa tatu huanza na nafasi 1, lakini kila safu ikijaa huizidisha nafasi mara mbili. Kutoka 1 huenda 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, na mwisho 1,024. Amehama mara 10 tu. Jumla ya majina aliyonakili ni 1 na 2 na 4 na 8, na kuendelea hata 512; yote pamoja ni 1,023.

Pengine mtasema: Kompyuta ni nyepesi, tofauti hii si kitu. Kwa majina 1,000 ni kweli, hutaiona. Lakini tazameni yatokeayo majina yakiwa 1,000,000. Wa kwanza atanakili mara 499,999,500,000. Wa pili atanakili mara 49,999,500,000. Wa tatu atanakili mara 1,048,575. Tuseme kompyuta yao yaweza kunakili majina 100,000,000 kwa sekunde moja. Mwandishi wa kwanza atangoja yapata saa 1 na dakika 23. Wa pili atangoja dakika 8 na sekunde 20. Wa tatu atangoja kiasi cha sehemu ya mia moja ya sekunde. Hata hatapata nafasi ya kuvuta pumzi.

Wahenga walisema, Haba na haba hujaza kibaba. Nayo ni kweli kwa mtu awekaye akiba. Lakini mtu anayekipanua kibaba chenyewe haba na haba atakuwa fundi wa vibaba maisha yake yote.

Sababu ya tofauti hiyo ni nini? Mwandishi wa kwanza na wa pili huongeza kiasi kile kile siku zote, hali mzigo wa kuhamisha unazidi kuwa mkubwa. Mwenye majina 500,000 akiongeza nafasi 10, atahamisha majina 500,000, na baada ya majina 10 tu itampasa kuyahamisha tena. Mwandishi wa tatu akihamisha majina 524,288, hupata nafasi nyingine 524,288 zilizo wazi. Mzigo ukiwa mkubwa, na mapumziko yake ni marefu kwa kadiri iyo hiyo.

Wataalamu huipima kazi ya namna hii kwa kugawanya gharama. Mkulima akinunua jembe, hasemi ya kuwa gunia la kwanza la mahindi liligharimu bei yote ya jembe na magunia mengine yalikuja bure. Huigawanya bei kwa magunia yote yaliyovunwa kwa jembe hilo. Mwaka 1985 mtaalamu wa Marekani, Robert Tarjan, aliandika makala iliyoipa njia hii ya kuhesabu jina na kanuni. Ukigawanya kazi ya kunakili ya mwandishi wa tatu kwa majina yake yote, kila jina hupata chini ya kunakili mara 2, yakiwa majina kumi au milioni kumi.

Lakini mwandishi wa tatu naye hulipa kitu. Jina la 1,025 likija, nafasi huwa 2,048, na 1,023 kati yao hukaa tupu. Amenunua muda kwa nafasi. Kwa hiyo watengenezaji wa lugha za kompyuta hawakukubaliana wote juu ya kipimo kimoja. Katika lugha ya Java, safu inayokua iitwayo ArrayList huongezwa nusu ya nafasi yake: kutoka 10 hufika 15, kisha 22, kisha 33. Katika Python ya kawaida ya siku hizi, safu tupu ikipokea vitu kimoja kimoja hutengewa nafasi 4, kisha 8, 16, 24 na 32. Na ikiwa kubwa, huongezwa kama sehemu moja ya nane tu. Vipimo ni mbalimbali, bali kanuni ni moja: nyongeza hukua pamoja na safu, haikai vile vile.

Kuongeza vitu katika Python

Lugha ya Python ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi, nayo hutumiwa sana na wanaoanza kujifunza. Safu inayokua ya Python huitwa orodha. Labda mtauliza: Majina hayalingani kwa urefu, yatakaaje katika safu ya vitu vya ukubwa mmoja? Jibu ni hili: orodha haitunzi majina yenyewe, bali hutunza anwani zake, na anwani zote ni za ukubwa mmoja.

Twaanza na orodha tupu, kisha twaongeza majina matatu. Neno append maana yake ni kuongeza mwishoni.

majina = []
majina.append("Asha")
majina.append("Petro")
majina.append("Neema")

Sasa Asha ana namba 0, Petro namba 1, na Neema namba 2. Anayeanza aghalabu hujaribu kuongeza jina la nne hivi:

majina[3] = "Juma"

Python hukataa, nayo ina haki. Amri hii maana yake ni kubadili kitu kilichopo katika namba 3, wala hakuna kitu hapo. Kubadili ni jambo moja, na kuongeza ni jambo lingine.

Kosa la pili ni kuandika majina = majina.append("Juma"). Amri ya append huibadili orodha iliyopo, wala hairudishi jibu lolote. Mwenye kuandika hivyo huliondoa neno majina katika orodha yake, akalifunga kwa kitu kisicho kitu.

La tatu ni kuongeza majina mawili kwa append moja. Ukiandika majina.append(["Juma", "Rehema"]), orodha yote ya watu wawili huingia kama kitu kimoja, na idadi huwa 4, si 5. Ukitaka kila mmoja apate nafasi yake, andika majina.extend(["Juma", "Rehema"]).

La nne limejificha kuliko yote, maana jibu lake ni sahihi. Ni hili:

majina = majina + ["Juma"]

Amri hii hutengeneza orodha mpya kabisa na kunakili vyote vya zamani ndani yake. Ikirudiwa mara nyingi, mwandishi amekuwa yule wa kwanza katika mfano wetu, ingawa Python ilimwandalia njia ya upesi. Ataijaribu programu yake kwa majina 10, nayo itakwenda vizuri. Ataisifu na kuwapa watu. Siku watakapoleta majina 1,000,000, watakaa mbele ya mashine wakingoja, na wengi watasema ya kuwa kompyuta ni mbovu.

Kuingiza katikati

Mpaka sasa tumeongeza mwishoni tu. Python ina amri nyingine, insert, ya kuingiza kitu mahali popote. Ukiandika majina.insert(0, "Juma"), Juma atakuwa wa kwanza. Lakini fikirini watu walioketi bega kwa bega katika benchi. Mgeni akija kukaa mwanzoni, wote hawana budi kusogea nafasi moja. Orodha ikiwa na majina 1,000, yote 1,000 husogezwa kwa ajili ya jina moja. Kuzidisha nafasi mara mbili hakusaidii neno hapa. Mwandishi anayehitaji kuongeza mbele mara kwa mara atumie chombo kingine cha Python kiitwacho deque, kilicho kama foleni yenye milango miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Na kama ataka vitu vipangwe kwa taratibu ya herufi, mara nyingi ni afadhali aviongeze vyote mwishoni, kisha avipange mara moja.

Basi mwanafunzi anayeandika programu asiridhike kwa kuwa jibu ni sahihi. Na ajiulize: Vitu vikizidi mara elfu, kazi itazidi mara ngapi? Majina yakiwa mengi mara elfu moja, kazi ya mwandishi wa tatu huzidi kama mara elfu moja. Ya mwandishi wa kwanza huzidi kama mara milioni. Kununua mashine iliyo nyepesi mara mbili kutampunguzia wa kwanza nusu ya muda wake, naye bado atangoja zaidi ya dakika 40. Kubadili njia kutampunguzia karibu wote.

Maswali

1. Safu imeanza katika anwani 2000, na kila kitu huchukua baiti 4. Kitu chenye namba 6 kiko katika anwani gani?
2. Eleza tofauti kati ya idadi ya vitu na nafasi ya safu.
3. Kwa nini mahali pa zamani hapaachwi kabla ya kunakili kwisha?
4. Safu inaanza na nafasi 1, nayo huzidishwa mara mbili kila ijaapo. Ikipokea vitu 100, itahama mara ngapi? Itanakili vitu vingapi kwa jumla?
5. Fanya hesabu iyo hiyo kwa mwandishi anayeongeza nafasi 1 kila mara, kisha ulinganishe majibu.
6. Orodha ina majina 50. Ni mangapi yatasogezwa jina jipya likiingizwa mwanzoni? Likiongezwa mwishoni, hali nafasi ipo?